Nyota imemezwa, imeraruka ama imeraruliwa?

Swali la leo ni la dada mmoja wa Eastlands anayeandaa kipindi kifupi cha sayansi kwa redio ya mtaani. Anasema hivi: "Mwalimu, niliandika 'shimo nyeusi imemeza nyota', prodyusa akabadilisha ikawa 'nyota imeraruka na shimo jeusi', tukabishana mpaka karibu tuingie hewani na mwishowe nikasoma yake. Nani alikuwa sawa?"

Dada, kila mtu amekosea mahali pake. Kwa "shimo jeusi" (kile kitu cha angani kizito ajabu, kinavuta mpaka hata mwanga hautoki) mpe prodyusa haki yake: shimo jeusi, mashimo meusi, shimo limerarua. Najua hapa Nairobi tunasema shimo nyeusi na jicho nyekundu na hakuna mtu anashtuka, hata mimi nikiwa steji naongea hivyo hivyo, lakini kwa maikrofoni weka jeusi tumalizane na hiyo.

Maneno iko kwa kitenzi. Ukisema shati limeraruka umetaja hali tu, labda lilinaswa kwa mlango wa matatu, labda ni uzee, hujamtaja mtu. Ukitaka kumtaja makanga aliyekuvuta ukishuka, hapo sasa unasema shati limeraruliwa na makanga. Ile "na" ya kumwonyesha mtendaji inataka kitenzi kiwe cha kutendwa, ndio maana "nyota imeraruka na shimo jeusi" ukiisikia haraka ni kama nyota na shimo vimeraruka pamoja, na mimi nikiwa kwa gari nimewasha redio nitajiuliza shimo limeraruka aje.

Na hapa mtendaji ni lazima atajwe manake kazi yote ni yake. Upande wa nyota ulio karibu na shimo unavutwa kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali, na nyota ikisonga karibu kupita kiasi hiyo tofauti inashinda uzito wa nyota unaoishikilia pamoja, inavutwa inakuwa ndefu kama tambi halafu inaachana. Ni nguvu ileile ambayo mwezi unafanyia bahari pale Mombasa maji yakajaa na kupwa. (Wale hutafsiri hii nguvu, "tidal" ya Kiingereza, kwa kutumia "mawimbi" wanapotosha watu. Wimbi la bahari ni kazi ya upepo, kujaa na kupwa ni kazi ya mwezi na jua, uliza mvuvi yeyote.)

Sasa "kumeza" yako. Wengi wangekuambia ni mtindo tu, chagua unalopenda, lakini kwa hii mambo ya nyota mimi nakataa, manake kumeza na kurarua ni matukio mawili tofauti kabisa na wataalamu wanayatenganisha. Kumeza ni kupitisha kitu kizima, vile unameza tembe. Nyota ikiraruliwa, karibu nusu ya mabaki yake yanarushwa nje hayarudi, na ile nusu nyingine ndio inarudi ikizunguka shimo, inapata joto, inawaka mwanga mkali ambao unaweza kushinda mwanga wa galaksi nzima kisha unafifia kwa miezi. Huo mwanga ndio watu wanauona kwa darubini. Lakini kama shimo lina uzito wa kupita takriban jua milioni 100, nyota ya kawaida kama jua letu inavuka mpaka wa shimo, ule kitu kikiuvuka hakirudi, kabla haijararuka, inaingia nzima na hakuna mwanga wowote wa kutuonyesha. Hapo ndio imemezwa kweli, na hutakuwa na habari ya kusoma kwa redio! Kwa hivyo ukiwa na habari kwamba nyota imeonekana ikiangamia kwa shimo jeusi, hiyo karibu kila mara ni ya kuraruliwa.

Kuna kitenzi cha tatu hamkukitaja na kinachanganya watu kushinda hivi viwili: kulipuka. Nyota ikilipuka inajimaliza yenyewe, haihitaji shimo. Mwaka wa 2015 darubini za mradi wa ASAS-SN ziliona mwanga mkali ajabu, ukapewa jina ASASSN-15lh, na wakasema nyota imelipuka, tena mlipuko mkali kuliko wowote uliowahi kuonekana. Mwaka uliofuata kundi lingine la wanasayansi likasema hapana, hii inaonekana ni nyota imeraruliwa. Lakini shimo la galaksi ambako mwanga huo ulitoka ni zito kupita zile jua milioni 100 nimekuambia, lilifaa kumeza, basi wakaeleza kwamba shimo linajizungusha lenyewe kama pia kwa kasi sana na likijizungusha hivyo linaweza kurarua nyota ikiwa bado nje. Unaona, watu wazima na digrii zao wanabishana kama ni kulipuka, kumezwa ama kuraruliwa, na si kwa sababu ya sarufi.

Jambo la mwisho ni nyakati, hukuliuliza lakini limo ndani ya sentensi zenu zote mbili. Chukua ile nyota ya AT2019qiz iliyoonekana Septemba 2019, iko galaksi ya umbali wa miaka ya mwanga milioni 215. Ukisema "shimo jeusi limerarua nyota" msikilizaji anasikia ni juzi, kumbe mwanga umesafiri miaka milioni 215 ndio ufike. Mimi hiyo -me- ningeipa wanasayansi, nyota ningeipa -ki-: "wameona nyota ikiraruliwa". Hiyo -ki- inategemea kitenzi kilichotangulia, inasema tu vile kitu kilikuwa wakati macho yalifika, haidai tarehe. Kuraruliwa kwenyewe huchukua saa chache na mara nyingi kinachoonekana ni mabaki yakirudi, kwa hivyo kwa habari nyingi "mabaki ya nyota iliyoraruliwa" ni sahihi zaidi. Hii ya 2019 iliwahiwa mapema, darubini za ESO (shirika la Ulaya la kuchunguza anga) kule Chile ziliona vifusi vikirushwa nje kwa kasi ya kufika kilomita 10,000 kwa sekunde, kwa hivyo hapo -ki- naikubali bila shida.

Basi mkirudia kipindi soma hivi: "Wanasayansi wameona nyota ikiraruliwa na shimo jeusi katika galaksi iliyo umbali wa miaka ya mwanga milioni mia mbili na kumi na tano." Ikiwa ndefu sana kwa pumzi yako katia baada ya "jeusi" uanze sentensi mpya na "Galaksi hiyo". Na mwambie prodyusa "umbali" usitolewe hata kama muda umeisha, manake bila hilo neno mtu atadhani miaka ya mwanga ni muda, halafu utaletewa swali lingine na utanitumia mimi.