Kabla Hujashika Drili: Maswali Yenu ya Transdyusa

Maswali ya sona, kifaa kinachoonyesha kina na kilicho chini kwa kutumia sauti, yamerundikana, kwa hiyo leo nimeyapa safu nzima. Mengi yanahusu transdyusa, kile kipande chake kinachotuma sauti majini na kuipokea ikirudi. Niseme mapema ninachoamini: sona nyingi zinazolalamikiwa ni nzima kabisa. Kosa liko mahali zilipofungwa, na mara nyingi mahali hapo palichaguliwa kwa sababu drili ilifika bila tabu.

SWALI: Fundi, boti yangu ni ya faiba, mashine moja nyuma. Nikienda taratibu naona chini vizuri. Nikikoleza mwendo picha inakatika na namba ya kina inaruka ovyo. Ninunue sona yenye nguvu zaidi?

JIBU: Usinunue. Ukifunga yenye nguvu zaidi palepale, tatizo litabaki lilelile. Hili ndilo swali ninaloletewa kuliko yote, na karibu kila mwulizaji anataja aina ya skrini yake bila kusema transdyusa ameiweka wapi.

Sauti ya sona husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, lakini ikikutana na hewa hurudishwa hapohapo. Utando mwembamba wa mapovu chini ya uso wa transdyusa unatosha kuipofusha. Boti ikienda taratibu, maji yanayopita chini yake ni masafi. Ikishika kasi, kila kilichochomoza chini ya boti huanza kumwaga povu kuelekea nyuma: mbavu za faiba, safu za ribiti, mdomo wa kuvuta maji, hata skrubu iliyobaki nje. Kama transdyusa imekaa kwenye njia ya povu hilo, haitaona kitu.

Sasa fanya hivi. Mpe mwenzako usukani, vaa jaketi la kuokolea, kisha inama tezini, yaani kwenye ukuta wa nyuma wa boti, utazame maji yanavyoachana na boti kwenye mwendo wako wa kawaida. Utaona michirizi myeupe, na katikati yake ukanda wa maji laini yanayotoka bila kuvurugika. Transdyusa ni ya hapo. Iwe mbali na propela. Kipimo kinachotajwa sana ni angalau sentimita 38, ila mwongozo wa kifaa chako ndio wenye neno la mwisho. Usiiweke mbele ya propela kwenye njia yake ya maji, kwa sababu mapovu ya transdyusa yataifanya propela ikose nguvu na mapanga yake yaliwe. Kama propela inazunguka kama mishale ya saa ukiitazama kwa nyuma, upande wa kulia ndio bora, kwa kuwa mapanga yanashuka upande huo. Wenye mashine mbili, ifungeni katikati ya mashine hizo.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie kimo. Kwa boti ya faiba, uso wa transdyusa ushuke takriban milimita 3 chini ya ukingo wa chini wa tezi. Kwa alumini, karibu milimita 10. Tumbo lake lilale sambamba na maji boti ikiwa inatembea. Picha ikikatika, shusha milimita chache, kajaribu, rudi, shusha tena. Ukiona maji yanarushwa juu nyuma ya boti, umepitiliza, pandisha.

SWALI: Ni skrubu ndogo tu za kushikia mkono wa transdyusa. Kuna haja ya kupaka gundi ya kuzuia maji?

JIBU: Ipo, kwa kila skrubu na kila tundu, hata lile ulilolikosea ukaliacha. Boti nyingi za faiba zina mbao ndani ya ukuta wa tezi. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu huingia katika mbao hizo na kuziozesha polepole, na juu ya ukuta huohuo ndipo uzito wote wa mashine unaponing'inia. Huoni kitu kwa nje mpaka siku ukuta unapoanza kucheza mashine ikivuta.

Ningekuwa na uwezo wa kumshika kila mtu mkono, ningemfundisha jambo hili moja: funga kwanza kipande cha ubao wa plastiki kwenye tezi, kwa gundi imara ya baharini, kisha skrubu za transdyusa ziingie kwenye plastiki hiyo bila kufika kwenye boti. Ukitaka kuhamisha juu au chini, unatoboa plastiki. Na waya uvuke tezi juu ya mstari wa maji, kamwe usiupitishe chini yake.

SWALI: Boti yangu ina urefu wa mita 7. Nitoboe wapi?

JIBU: Sijui, na yeyote atakayekujibu kwa maelezo hayo anakisia kwa gharama ya boti yako. Urefu haunisaidii. Niambie boti ni ya kitu gani, mashine ngapi, tumbo lake ni bapa au lina pembe, transdyusa ni ya tezi au ya kupenya chini, yaani inayopita kwenye tundu la chini ya boti. Nimeomba hivi mara nyingi katika safu hii.

SWALI: Inawezekana kuibandika transdyusa ndani ya boti nisitoboe kabisa?

JIBU: Inawezekana, kwa masharti ambayo watu hawapendi kuyasikia. Faiba iwe ngumu tupu mahali hapo. Kama katikati yake kuna povu gumu au mbao nyepesi, sauti itafia humo. Boti za mbao, alumini na chuma zisahau njia hii. Zile sona za kuonyesha picha za pembeni nazo hazifai kwa mtindo huu, na kipimajoto kitakusomea joto la boti badala ya joto la maji.

Kabla ya gundi, jaribu. Tumbukiza transdyusa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, toa hewa yote, uubane mfuko kwenye sakafu ya boti iliyolowa, karibu na mkuku (uti wa chini wa boti) upande wa nyuma, mahali ambapo boti haiachani na maji hata ikikimbia. Soma kina. Kisha ining'inize transdyusa ubavuni, majini, usome tena. Fanya hivyo kwenye maji marefu zaidi unayovua, maana kwenye kina kifupi kila sehemu huonekana nzuri. Ukipata picha zinazokaribiana, ondoa rangi na uchafu, mimina epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya, ile inayokauka polepole, kisha ikandamize transdyusa huku ukiizungusha taratibu ili viputo vitoke pembeni. Kiputo kimoja kikibaki chini ya uso wake, kazi imeharibika na kuibandua ni taabu.

SWALI: Nina mashua ya mbao. Nimepewa transdyusa ya kupenya chini, mwili wake ni wa plastiki. Niifunge?

JIBU: Hapana. Mbao huvimba ikinywa maji, na plastiki ikibanwa hivyo hupasuka, nawe una tundu chini ya mashua. Kwa mbao tumia bronzi. Kwa alumini usithubutu bronzi, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana majini alumini ndiyo inayoliwa. Tumia chuma kisichoshika kutu chenye vitenganishi vyake.

SWALI: Waya umezidi, naweza kukata?

JIBU: Usikate. Ulaze kwa mikunjo mipana, mbali na waya za mashine na za redio. Mistari ikijaa kwenye skrini pale tu unapowasha mashine, kelele zinatoka kwenye umeme: toa waya ya sona moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake.

SWALI: Ni vibaya kuipaka transdyusa rangi ya chini ya boti?

JIBU: Si vibaya kama rangi ni ya maji, ile ya kuzuia magamba na majani, na ukaipaka nyembamba. Zenye kemikali kali za kuyeyusha hula plastiki. Kusafisha tumia kitambaa na maji ya sabuni. Kisu kiache.

SWALI: Nimemaliza kufunga ya kupenya chini. Nikishusha boti majini naweza kuiacha ifungwe gatini niende?

JIBU: Usiende. Boti ikishaelea, inua kifuniko cha ngama, sehemu ya chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, pakaushe kabisa kwanza ili unyevu ujitambulishe, kisha uguse kwa kidole kuzunguka shina la transdyusa. Rudia kila baada ya muda siku hiyo nzima, na uangalie tena siku inayofuata, kwani kuna tundu linalovuja polepole kiasi cha kutoonekana saa ya kwanza. Likivuja, pandisha boti, fungua, safisha na paka upya. Usijaribu kuziba kwa kukaza nati zaidi boti ikiwa majini.