Watu wanane, kikosi kimoja: kwa nini usiku wenu wa City of Heroes unavunjika katikati

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Wako wanane: wengine Dar, wengine Nairobi, mmoja Muscat, mmoja Toronto. City of Heroes ni mchezo wa mashujaa unaochezwa mtandaoni kwa timu. Walianza kikosi kazi cha Positron, yaani mfululizo wa misheni unaochezwa na timu moja, wakiwa kamili, lakini kufika misheni ya tatu wamebaki wanne, na mwenye Tanker, mhusika wa kupokea mapigo mbele ya wenzake, amenuna kwa sababu lawama zote zinamwangukia yeye. Swali lake: "Tuongeze Blaster mwingine?"

Hapana. Blaster, wale wa kushambulia kutoka mbali, mnao tele, nakuhakikishia bila hata kuwahesabu. Kila kundi jipya linaundwa hivyohivyo: watu watano wanataka kurusha moto, mmoja amelazimishwa kuwa ngao, na wawili waliobaki wanaambiwa "nyie mtatuponya".

Kwa aliyechelewa: mchezo huu ulifunguliwa Aprili 2004, kampuni ya NCsoft ikaufunga tarehe 30 Novemba 2012, ukafufuliwa na wapenzi wake mwaka 2019. Tangu Januari 2024 kundi la Homecoming linauendesha kwa leseni ya NCsoft wenyewe. Kucheza ni bure, na kwa umri wake hauhitaji kompyuta ya kifahari. Laptop ikisuasua timu ikijaa, zima vivuli na punguza chembechembe za madoido. Watu wanane wakifyatua kwa pamoja, hizo ndizo zinazoichosha mashine.

Tuanze na saa, maana usiku mwingi unafia hapo. Mkiandikiana "saa tatu", wa Dar anaelewa usiku baada ya taarifa ya habari. Kijana aliyekulia Toronto anaona 3:00. Andikeni 21:00 ya Afrika Mashariki, basi. Hiyo ni saa nne usiku Muscat, na Toronto ni saa nane mchana wakati wa kiangazi, saa saba mchana wakati wa baridi, kwa kuwa wenzetu wanasogeza saa zao Machi na Novemba. Kwa watu waliotawanyika hivyo, chagueni seva ya Reunion, iliyoko Ulaya. Wahusika wote waundwe humo kabla ya siku yenyewe, kwani mhusika aliye seva nyingine hawezi kujiunga na timu yenu. Kila wiki kuna mtu anagundua hilo saa 21:05.

Sasa mlango. Kikosi kazi kikishaanza, mlango umefungwa: hakuna anayeongezwa. Aliyebonyeza kuacha timu hawezi kurudi. Lakini aliyekatikiwa na umeme au kuishiwa bando bado ni mwanachama, na akiingia tena anawakuta. Kwa hiyo mwambie kila mtu mapema, kwa maneno haya haya: mtoto akilia, funga mchezo, usiache timu. Ukali wa maadui nao huwekwa na kiongozi kabla ya kuanza, na baada ya hapo haubadiliki. Kundi geni lianze na maadui wa levo sawa na yenu. Sifa za kuweka +4, yaani maadui wa levo nne juu yenu, ziacheni kwa wenye kazi hiyo.

Levo zisiwatenganishe. Positron sehemu ya kwanza inataka levo ya 8 kwenda juu, na kikomo chake ni 15. Mwenye mhusika wa levo 50 anashushwa hadi kikomo hicho, ila anabaki na nguvu alizochukua hadi levo tano juu yake, yaani 20. Ukijua kundi lako linapenda vikosi vya chini, usiweke ngao yako muhimu kwenye levo ya 32 kisha ulalamike kwamba mchezo umekunyang'anya.

Sasa nifike kwenye kiini cha tatizo lenu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Adui wa levo yako hukupata kwa mapigo 50 kati ya 100. Kinga ya kukwepa, inayoitwa Defense, inapunguza hiyo 50 moja kwa moja, na mwisho wake ni 5. Ukiwa na asilimia 30, yanakupata 20. Ukiwa na 45, yanakupata 5. Angalia hesabu hiyo tena: asilimia 15 za mwisho zimepunguza kipigo mara nne! Ndiyo maana mtu mwenye 30 anaona kinga haifanyi kazi na kuitupa, wakati alibakiza kidogo tu. Maadui wa levo ya juu wanapata zaidi kidogo, lakini umbo la hesabu ni lile lile.

Mnaifikaje 45? Kuna nguvu inaitwa Maneuvers, katika kundi la Leadership, na kila aina ya mhusika anaweza kuichukua. Inampa kila aliye karibu, ndani ya futi 60, asilimia 2 na ushee. Ya Defender, mhusika wa kuwasaidia wenzake, inatoa 3.5. Peke yako ni kichekesho. Wanane wote wakiiwasha, zinajumlishana na kufika kama 18 au 19. Ongeza vidonge viwili vidogo vya zambarau, Luck, kila kimoja 12.5 kwa dakika moja: mmeshagusa 43. Defender mmoja mwenye Force Field, nguvu za kuwawekea wenzake ngao, akiwafunika juu ya hapo, Blaster wenu wataanza kujiona ni Tanker.

Huyo Defender ndiye mnayemkosa, wala si mponyaji. Kuponya kunakuja baada ya pigo, na Blaster mwenye damu kidogo hufa kabla kidole hakijafika kwenye kitufe. Wawili wanaokinga au kudhoofisha maadui wanawafaa kuliko mponyaji mmoja hodari.

Mtego mmoja: Maneuvers inakula pumzi muda wote, ule mstari wa bluu. Ukiisha, kila kilichowashwa kinazimika kwa mpigo. Clockwork, maadui wa roboti, wana umeme unaonyonya pumzi, na hapo timu iliyotegemea ngao inaporomoka ghafla, kila mtu akiuliza nini kimetokea. Weka vidonge vya bluu viwili vitatu mkononi. Kama umejaza vya aina usiyohitaji, unganisha vitatu vinavyofanana upate kimoja cha rangi unayotaka.

Halafu mwacheni huyo Tanker. Mhusika mmoja anaweza kushikilia hasira za maadui 17 tu. Mashambulizi mengi ya eneo yanagusa 16. Timu ikiwa na watu wanane, kundi moja la maadui tayari ni kubwa. Blaster wenu mwenye haraka akiamsha la pili, wale wa 18 na kuendelea hawana wa kuwashika, na wanamfuata yeye aliyewaamsha. Kisha anasema Tanker hajui kazi. Utaratibu ni huu: Tanker anaingia na kukata kona ya ukuta, maadui wenye bunduki wanamfuata na kujikusanya, nyote mnahesabu hadi tatu, ndipo moto. Sekunde tatu! Watu wazima wanashindwa kusubiri sekunde tatu, kisha wanataka kuitwa mashujaa.

Anayerusha maadui huku na huko, hasa Blaster mwenye nguvu za Energy Blast, anavunja rundo ambalo wengine wamelijenga. Apae kidogo na kupiga kutoka juu, maadui wataanguka chini palepale badala ya kuruka mbali. Baadaye anaweza kuweka kiboreshaji cha nguvu kiitwacho Sudden Acceleration, inayogeuza kurusha kuwa kuangusha.

Wiki ijayo rudieni Positron sehemu ya kwanza peke yake, msiunganishe na ya pili. Tengeni saa moja na nusu. Badilisheni Blaster wawili wawe Defender, mmoja Force Field, mwingine Radiation Emission wa kudhoofisha maadui. Wote wanane wawe na Maneuvers, na kila mmoja aingie na zambarau nne na bluu tatu. Saa 20:45 muwe mmesimama chini ya sanamu pale Atlas Park, ili atakayegundua yuko seva nyingine apate robo saa ya kuhama.