Mtoto hakulia alipozaliwa: nina kesi?

SWALI: Assalamu aleikum wakili. Mimi ni mama wa kisiwa cha Pate. Uchungu ulinishika adhuhuri, zahanati ikaniandikia rufaa, tukangoja maji yajae ndipo boti ikatupeleka Lamu. Tulifika magharibi. Leba nikaambiwa njia bado, nilale. Sikumbuki mtu kunisikiliza moyo wa mtoto hadi karibu na alfajiri, na hapo mambo yakawa ya mbio. Mtoto alitoka kimya, akapata degedege siku hiyo hiyo. Sasa ana miezi 8, na juzi daktari wa Malindi amesema ni mtindio wa ubongo. Nimeomba faili nikajibiwa ni mali ya hospitali. Khalati yangu asema ni kudra, tunyamaze. Nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, na pole sana. Khalati simbishii. Ila kumwachia Mungu hakukukatazi kuuliza kilichofanyika usiku ule, na mtoto atahitaji mazoezi ya viungo na matunzo miaka mingi.

Anza na kalenda. Hospitali uliyojifungulia ni ya umma, chini ya kaunti. Sheria ya Kenya ya ukomo wa kesi (muda wa mwisho wa kushtaki) dhidi ya mamlaka ya umma, Sura ya 39, inatoa miezi 12 tu kwa madai ya uzembe. Ingekuwa ya binafsi ungekuwa na miaka 3. Mawakili tunabishana kama kaunti inaingia ndani ya sheria hiyo. Wewe usiwe mtu wa kulijaribu hilo, hesabu kwamba umebakiwa na miezi 4. Utaambiwa mtoto ana nafasi mpaka atimize 18. Usilalie hapo: msamaha huo una masharti yake, na madai yako mwenyewe, yaani maumivu yako na pesa ulizotumia, hayamngoji mtoto akue. Ukichelewa mahakama inaweza kuombwa ruhusa, lakini mlango huo ni mwembamba.

Sasa faili. Karatasi ni za hospitali, kweli, lakini habari zilizomo zinakuhusu wewe. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuzipata. Andika barua ya kuomba nakala, wakupigie muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Wana siku 21 za kukujibu. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Usiende kuomba kwa mdomo mara ya pili.

Katika faili hilo, karatasi ninayoitafuta kwanza ni partogramu, ile chati ya leba yenye mistari miwili ya mshazari. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa humo kila nusu saa leba ikishakolea, na kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Kufunguka kwa njia ya uzazi hupimwa kila baada ya saa 4. Ikiwa chati iko tupu kuanzia magharibi hadi alfajiri, utupu huo nao ni ushahidi. Ikiwa imejazwa vizuri mno, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiku kucha, hapo pia nina maswali.

Karatasi ya pili huenda unayo nyumbani: barua ya rufaa, au kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Tazama kama nesi wa zahanati aliandika mapigo ya moyo kabla hujapanda boti. Hapa ndipo kesi yako itasimama au kuanguka. Upande wa pili utasema mtoto aliumia baharini, mkingoja maji, na hospitali haiwajibiki kwa bamvua wala kwa kupwa. Watakuwa na hoja. Lakini kama aliondoka Pate moyo wake ukipiga 140, na ulipofika ulikuwa bado mzima, basi madhara yanasogea kwenye zile saa ulizolazwa bila kupimwa. Tena mtindio wa ubongo una sababu nyingine nyingi: kuzaliwa njiti, maambukizi, manjano kali isiyotibiwa. Kwa hiyo unahitaji daktari bingwa wa uzazi, ikiwezekana wa nje ya kaunti, aseme mhudumu makini angefanya nini na saa ngapi, na bingwa wa watoto aeleze kwa nini degedege ile na picha ya ubongo vinaelekeza kwenye kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Bila hao, hakimu atakuonea huruma, basi.

Angalia saa zako pia. Niliwahi kusoma hati ya kiapo ambamo “saa mbili usiku” ya mama ilitafsiriwa 2:00, yaani usiku wa manane. Hospitali huandika 20:00. Saa 6 zikatoweka, na tulihangaika sana kuzirudisha. Ujumbe wa M-Pesa wa kumlipa nahodha una saa yake, na simu ulizompigia mumeo ukiwa leba zina saa zake.

Malalamiko dhidi ya daktari huenda kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ya nesi kwa Baraza la Wauguzi. Yanaweza kumwadhibu mtu, na matokeo yake husaidia, lakini fidia ya matunzo ya mtoto itafute mahakamani. Tena kulalamika huko hakusimamishi ile miezi 12.

Katika madai ya mtoto, mdai atakuwa yeye, wewe ukisimama kwa niaba yake. Gharama zilizokwisha kutumika huthibitishwa kwa risiti, kwa hiyo hata nauli ya boti omba iandikwe. Na wakija watu nyumbani na bahasha na karatasi ya kutia sahihi, usitie: kesi ikishafunguliwa, suluhu ya mtoto haifungi bila idhini ya mahakama, na kabla ya hapo sahihi yako itakusumbua. Wakili anayekuambia utamlipa ukishinda tu, mkwepe. Mkataba huo sheria yetu haiutambui. Kama huna uwezo, uliza huduma ya msaada wa kisheria ya serikali, au uombe mahakama ikuruhusu kushtaki kama maskini.

Barua ya faili iandike wiki hii. Na simu uliyokuwa nayo usiku ule usiiuze wala usiifute, hata ikiwa kioo kimepasuka.