Tafuta Mguu wa Tano Kabla ya Kuandika Jina

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia, akiambatisha picha, akilalamika kwamba kopepodi wake wote, yaani krasteshia wadogo wa majini, wanafanana, na ujumbe wake ukanirudishia aibu ambayo haijanitoka hadi leo. Nilipoanza kazi hii niliwatenga Calanus finmarchicus na Calanus glacialis, spishi mbili za kopepodi zinazofanana sana, kwa urefu wa mwili peke yake, kwa kuwa nilifundishwa kwamba glacialis ndiye mkubwa, nikajaza daftari zima kwa majina hayo. Aliyekagua sampuli zangu alinirudishia daftari mbele ya wenzangu, akasema kwamba nilichokitazama ni rula tu. Maneno hayo bado yananiuma, ingawa kuhusu wanyama alisema kweli: urefu wa spishi hizo mbili huingiliana, na hata safu ya meno iliyo upande wa ndani wa mguu wa tano, iliyotegemewa kwa miaka mingi, haikutosha kuwatenganisha walipopimwa vinasaba.

Tangu hapo huanza na mahali mwili unapokunjika. Kopepodi wengi huangukia katika oda tatu: Kalanoida, Saiklopoida na Harpaktikoida. Kwa Kalanoida, kiungo kikuu kiko nyuma ya pingili yenye mguu wa tano. Kwa Saiklopoida na Harpaktikoida kiko mbele yake, na mwanazoolojia Giesbrecht aliutumia mpaka huo tangu karne ya 19. Kisha hutazama papasi za kwanza, yaani vipapasio vya mbele kichwani, ambazo kwa Kalanoida mara nyingi hukaribia au huzidi urefu wa mwili, kwa Saiklopoida ni za wastani, na kwa Harpaktikoida ni fupi sana. Madume wa Kalanoida wengi wana papasi moja tu yenye bawaba ya kumshikia jike, ilhali wale wa Saiklopoida wanazo mbili.

Ninyi mnaotamani kuaminiwa katika kazi hii, msimpe kopepodi mchanga jina la spishi kwa kubahatisha. Mnyama huyu hupitia hatua sita za nauplio, yaani lava, na tano za kopepoditi, yaani mchanga aliyeanza kufanana na mzima, kabla ya kukomaa, na mguu wa tano hukamilika mwishoni. Andikeni jenasi, mkaishie hapo. Mimi nilijaza nafasi zote kwa kiburi, na nikalipia.

Msomaji wangu, picha zako zote zimepigwa mgongoni, ambako miguu haionekani. Mlaze mnyama chali ndani ya tone la gliserini, umtenganishe mguu wa tano kwa sindano nyembamba, uchore pande zote mbili, kisha uniandikie tena.