Gari lisilo na dereva linahitaji barabara yake? Namjibu dereva wa Jinja

Swali: Injinia, habari za kazi. Mimi naendesha lori Jinja–Kampala. Nasikia huko nje serikali zinatoa pesa kutengeneza barabara za magari yasiyo na dereva, eti wanafukia sensa ndani ya lami. Bila hizo sensa gari haliwezi kwenda? Na serikali yetu ikitaka kuanza ianzie wapi, ile ekspresi ya Entebbe?

Jibu: Asante kaka, nzuri. Sensa za chini si lazima. Haya magari ya siku hizi yanabeba macho yake yenyewe, kamera, rada, na kile kifaa cha kupima umbali kwa mwanga wanachokiita lida, alafu yana ramani ya barabara ndani ya kompyuta. Kampuni ya Waymo inabeba abiria wa kawaida kule Phoenix, Marekani, bila mtu kwenye usukani tangu 2020, na hakuna aliyechimba lami kwa ajili yao.

Kufukia kulishajaribiwa zamani. Mwaka 1991 bunge la Marekani lilitaka barabara ya magari ya kujiendesha ionyeshwe kufikia 1997, na kweli 1997 pale San Diego kwenye barabara ya I-15 walipanga sumaku ndani ya lami, moja kila mita 1.2 hivi, kwa kilomita kama 12, na magari yakazifuata vizuri tu. Mwaka uliofuata ufadhili ukakatwa. Shida ni kwamba gari la kufuata sumaku likitoka pale halina cha kufuata, na nani atafukia sumaku nchi nzima? Redio nazo hivyohivyo, 1999 tume ya mawasiliano yao, FCC, ilitenga masafa ya gigahezi 5.9 ili magari yaongee na vifaa vya barabarani, miji ikafunga vifaa kwenye taa, kufika 2020 tume hiyohiyo ikachukua zaidi ya nusu ya masafa ikawapa Wi-Fi na ile teknolojia ya redio iliyofungwa mwanzo ikaachwa. Barabara unaijenga ikae miaka 20, kifaa kinazeeka kabla hata hujamaliza kulipa mkopo.

Sasa pesa iende wapi? Kwa rangi kaka, nasema kabisa. Juzi usiku nilipiga magoti kwenye barabara moja na tochi naangalia mstari wa pembeni. Ile rangi nyeupe inayeyushwa kwa moto, na ikiwa bado mbichi inamwagiwa shanga ndogo za kioo, ndogo kama chembe za sukari, na kazi ya kila shanga ni kuupokea mwanga wa taa yako na kuurudisha kwako. Pale nilipokuwa shanga zilikuwa zimetoka zote, nikigusa ni laini tu, ukisimama mchana unaona mstari mzuri mweupe lakini usiku mvua ikinyesha haupo. Kamera ya gari haiuoni, na wewe dereva pia huuoni. Ndiyo maana Wamarekani kwenye mwongozo wao wa alama wa 2023 wameshauri mistari ya barabara kuu iwe na upana wa walau sentimita 15, inasaidia kamera na inasaidia mzee mwenye macho yaliyochoka.

Kuna mahali vifaa vya barabarani vina maana, sikatai. Japani tangu Machi 2025 wanatenga leni moja usiku kwenye ekspresi ya Shin-Tomei, karibu kilomita 100, malori ya kujiendesha yanajaribiwa pale na barabara inayaambia kuna gari linaingia kutoka pembeni. Lakini wao wanakosa madereva wa malori, sisi hapa vijana wenye leseni wamekaa bila kazi.

Entebbe ndiyo ingekuwa rahisi kuliko zote maana bodaboda haziingii na makutano ni machache, lakini ile barabara ilimeza dola milioni 476, 350 kati ya hizo ni mkopo wa Exim Bank ya China, na toli, yaani ada ya kupita, tunalipa tangu Januari 2022. Kuongeza deni la vifaa juu yake mimi siwezi kushauri.

Ningepewa hiyo bajeti ningeanza na njia yako, pale msitu wa Mabira ambapo usiku ni giza tupu. Mstari wa pembeni wa sentimita 15, shanga za kutosha, bega la barabara lisiliwe na maji, na kila mwaka mtu atumwe kuupima usiku wa mvua, si saa sita mchana.