Shekhe, ramu ya sukari guru nayo ni khamri?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe wangu. Mimi ni kijana wa Mikindani, nina kibanda cha sukari guru na asali. Nimejifunza kutengeneza ramu, pombe kali ya miwa, nyumbani, nyeupe kwa sukari ya dukani na nyeusi kwa sukari guru na molasi. Mimi sinywi wala sitakunywa, nataka kuwauzia wageni wa hotelini ambao si Waislamu. Nimesikia khamri, yaani pombe iliyoharamishwa, ni ya zabibu na tende, na hii yangu ni ya miwa. Pipa moja nimeshalitia hamira, linatoa povu, bado sijalipika. Mama amegoma kulala nyumba moja na pipa hilo. Je, ipo ruhusa? Na kama haipo, pipa nilifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, mama yako yuko sawa. Kamwombe radhi kwanza, halafu ndiyo urudi kusoma yaliyobaki.

Hilo la zabibu na tende lina asili yake, hukulizua wewe. Imamu Abu Hanifa na baadhi ya wanavyuoni wa mji wa Kufa huko Iraki walitofautisha khamri ya zabibu na tende na vinywaji vya asali na nafaka, wakasema katika hivi kilichoharamishwa ni kile kiasi kinacholevya. Lakini mwanafunzi wake mwenyewe, Muhammad bin al-Hasan, hakuafikiana naye, na fatwa katika madhehebu yao ikatulia kwenye kauli ya huyo mwanafunzi. Sisi watu wa pwani hii ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na kwetu mlango huo haujapata kufunguliwa. Amepokea Swahaba Jabir kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, amesema kilevyacho kwa wingi wake, basi hata kichache chake ni haramu.

Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipanda mimbari akataja vitu vitano vilivyokuwa vikitolewa khamri siku ilipoharamishwa: zabibu, tende, asali, ngano na shayiri. Muwa haumo. Ila hakuishia hapo, akasema khamri ni kile kinachofunika akili. Naye Abu Musa al-Ash'ari alipotumwa Yemen aliuliza juu ya vinywaji vya huko, kimoja cha asali na kingine cha shayiri, akajibiwa na Mtume kwa neno moja tu: kila kilevi ni haramu. Jibu halikutazama kimetokana na nini. Hapa kwetu mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili, Madina haukujulikana, na bado sijamsikia mzee yeyote wa Mtwara akidai uraka, pombe ya mabibo, ni halali kwa sababu hiyo. Nipa nayo, inayopikwa kutokana na uraka huohuo, kila mtu anajua ni nini. Ramu yako imepita njia ileile.

Na weupe na weusi usikushughulishe. Hamira inakula sukari, iwe nyeupe au guru, inatoa kilevi na hewa, na hewa hiyo ndiyo povu unaloliona. Ukipika, kilevi kinachemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia kupita kwenye bomba umebeba kilevi kingi kuliko kilichokuwa pipani. Moto hapa haukisafishi kinywaji, unakikusanya kilevi mpaka chupa inafika asilimia 40 hivi. Kinachodondoka ni cheupe kama maji kwa ramu zote mbili. Weusi unakuja baadaye, kwa kulazwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyochomwa ndani, au kwa kutiwa sukari iliyounguzwa. Ladha itatofautiana, hukumu ni ile moja. Tena mvuke ule unashika moto upesi, wewe ungepikia nyumbani, na sheria ya nchi hairuhusu mtu kupika pombe kali nyumbani bila leseni.

Kuhusu kuwauzia wasiokuwa Waislamu: katika Hadithi ya Anas waliolaaniwa kwa ajili ya khamri ni kumi, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo anayeikamua, anayeibeba, anayeiuza na anayekula thamani yake. Kwa hiyo kusema "mimi sinywi" kumekutoa kwenye nafasi moja na kukuacha kwenye nyingine kadhaa. Dini ya mnunuzi haibadilishi kitu, kwa kuwa Mtume ametangaza mwaka wa Fat'hi Makka, yaani kutekwa kwa Makka, kwamba Allah na Mtume wake wameharamisha kuuza khamri, na hakubagua mnunuzi.

Nikiisikia ramu nakumbuka jambo ambalo si dalili ya kifiqhi, nalisema tu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Bahari ya Hindi, vile ambavyo baadaye vilijaa mashamba ya miwa. Ni watu waliosafirishwa kutoka mwambao wetu huu.

Kibandani kwako endelea. Sukari guru ya uji na ya kashata ni halali, na juisi ya miwa iliyokamuliwa sasa hivi ni halali. Ila mteja unayemjua, au unayemdhania kwa nguvu, kwamba anakwenda kupikia gongo, wanavyuoni wetu wamesema kumuuzia ni haramu. Ukiwa na shaka tu, ni makuruhu, yaani jambo linalochukiza bila kufikia haramu.

Sasa pipa. Abu Huraira alimletea Mtume kinywaji alichokiloweka kwenye kibuyu, kikawa kinatoa povu, akaambiwa akimwage ukutani, hicho ni kinywaji cha asiyemwamini Allah na Siku ya Mwisho. Usije ukafikiri utaliacha liwe siki. Ni kweli khamri ikigeuka siki yenyewe, bila kutiwa kitu, inatwaharika. Lakini wewe uliloweka kwa nia ya ulevi, kwa hiyo huruhusiwi kuiweka ukisubiri. Abu Talha alikuwa na mayatima waliorithi khamri, akauliza aifanye siki, akakataliwa, na hiyo ilikuwa mali ya yatima. Mwaga leo.

Kama biashara ya siki inakuvutia, ipo njia ambayo wanavyuoni wa Kishafii wameieleza: juisi ya miwa ikiwa bado tamu, itie siki iliyo nyingi kuliko juisi au sawa nayo, igeuke siki bila kupitia kwenye ulevi. Pipa lilelile linafaa. Kwetu khamri ni najisi, kwa hiyo lisugue, lisuuze kwa maji safi mpaka athari iondoke. Harufu ikigoma kutoka baada ya kusugua sana, imesamehewa.

Wallahu a'lam.