Waache waanze kuezeka kutoka juu

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chekechea hapa Mikindani, pwani ya Mtwara, nilijenga nyumba ya maboksi kwa siku mbili. Nikakata madirisha, nikapaka rangi, nikabandika maua. Watoto 28 walikaa mkekani wakinitazama. Wazazi walisifu sana. Haikupita wiki, watoto wakawa wanaipita tu kama wanavyopita kabati. Haikuwa yao. Iliniuma, na tangu hapo nimebadilika.

Siku hizi sijengi mimi. Natafuta kitu ambacho kituo kinakihitaji kweli, kisha nawaachia wao. Mradi tulioupenda kuliko yote ulianzia kwenye ndoo ya kunawia mikono. Ilikaa juani, na ikifika saa sita maji yamekuwa ya moto. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, tuijengee ndoo nyumba."

Kabla ya kugusa chochote tulitoka kutembea. Mikindani kuna majumba ya zamani ya mawe ya matumbawe ambayo lipu imebanduka, na kuna nyumba za udongo ambazo ukuta umemomonyoka mpaka fito ziko nje. Tulisimama ng'ambo ya barabara, mbali na ukuta, tukaangalia. Nyumba mpya imefunikwa yote. Iliyochakaa inamwonyesha mtoto kipi kinashikilia kipi. Bibi mmoja aliyekaa barazani akawatajia kimoja kimoja: nguzo, mwamba ulio juu kabisa ya paa, kombamoyo zinazoshuka kutoka kwenye mwamba, na pao za kufungia makuti. Walirudi wakiimba "kombamoyo" njia nzima.

Nguzo nne zilichimbiwa na fundi, kwa sababu kazi hiyo ni ya mtu mzima. Fito, kamba, udongo na makuti viliachwa kwa watoto. Kama unatumia mwanzi, uache mzima na ncha zake uzipige msasa, maana mwanzi uliopasuliwa hukata kama wembe. Mikoko usiiguse, inalindwa. Vipande vya mbao kutoka kwa seremala ni hazina kwa wale wa miaka mitatu wanaopenda kupanga na kubomoa, ila kataa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Halafu korosho. Msimu ukifika zimeanikwa kila uwanja huku kwetu, na utatamani kuzitumia kupambia ukuta. Usithubutu. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi, na mkono wa mtoto hauchelewi kufika mdomoni au machoni.

Udongo tulichukua wa kichuguu, unashika vizuri. Kukandika kulikuwa sherehe, sina la kuongeza.

Kazi ngumu ilikuwa kuezeka, na hasa ilikuwa ngumu kwangu mimi. Tulikuwa tumekifanya kibanda kifupi ili mtoto afikie paa akiwa amesimama chini. Wakachukua makuti, wakaanza kufunga juu kabisa, kwenye mwamba, wakashuka nayo. Kila mtu wa pwani anajua kuezeka kunaanzia chini, upenuni, ili kuti la juu lilalie la chini. Nilifungua mdomo niseme, nikaufunga. Walifanya kazi asubuhi mbili. Walipomaliza nikawapa kopo la maji, nikawaambia, "Haya, mvua inyeshe." Maji yakaingia ndani moja kwa moja.

Wakanyamaza. Mmoja akainama chini ya paa, akapitisha kidole pale kuti linapokutana na lenzake. "Maji yanapita kwa chini, hili limelala vibaya." Wakafungua yote. Wakabishana, wakajaribu kuti mbili tu kwanza na kopo lao, wakapata. Ningewaambia mapema, tungeokoa siku tatu na wao wasingejua kwa nini. Mwalimu mwenzangu, ukiona mikono inakuwasha kurekebisha, ishike nyuma. Ingilia pale tu penye hatari.

Jambo moja la utaratibu ambalo nililijua kwa kuchelewa: watoto watano kwa zamu wanatosha. Siku niliyowaachia wote 28 waingie, wenye nguvu walijenga na wapole wakabeba. Sasa walio nje ya zamu wanakaa na dada wa kituo wakipanga vipande vya mbao.

Wazazi watauliza. Mama mmoja alinifuata: "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome. Udongo hata nyumbani upo." Nilimheshimu kwa kuwa alisema wazi, sikubishana, nikamwomba akae kidogo. Akamwona mwanawe akihesabu makuti: mstari wa chini saba, wa juu yake matano. Mtoto akasimama kidogo, akaenda kuleta mawili. Hakuna aliyemtuma. Mama akaondoka bila neno, ila kesho yake alimleta mtoto na nguo chakavu ya kazi.

Mvua zilipokuja ziliumega ukuta upande mmoja. Watoto ndio waliogundua kwamba upenu wa upande ule ulikuwa mfupi. Tukaurefusha, wakakandika upya, na ndoo imekaa kivulini hadi leo.

Makuti yamechoka sasa, na watoto wa mwaka huu wameanza kuyahesabu yaliyooza. Wiki ijayo naenda kuagiza mengine, na kamba nanunua mara mbili ya inayohitajika, maana najua wataanzia juu.